Hodi Tano

Umeme umerudi Tabata saa nne na robo usiku.
Friji imekohoa, feni imekumbuka kazi yake,
na juu ya kabati la vyombo
ile kompyuta mpakato isiyo na kioo wala betri
imewasha kijitaa chake.
Hii ndiyo seva yetu. Usiicheke.
Kioo alikivunja Hidaya akiwa darasa la pili,
kibodi imepoteza herufi mbili,
lakini imebeba kitabu cha kikoba cha wanawake thelathini na mmoja:
hisa, mikopo, faini za kuchelewa,
na deni la Bi Tunu, ambalo Bi Tunu halitambui.

Nakaa jikoni na simu, naingiza nenosiri,
naita majina kama mwalimu wa zamu.
Mtandao? Upo.
Picha? Zipo.
Kitabu?

Kitabu?

Mstari mwekundu: kimeshindwa.

Na keshokutwa ni Jumamosi. Watakuja na madaftari yao,
na kalamu zao za kunikosolea.

Nafungua kumbukumbu za mashine.
Haina aibu kama sisi; kila anguko huliandika
na sekunde yake:
nimeamka, nimeanguka, nimeamka, nimeanguka,
mara tano ndani ya sekunde kumi,
kisha: imetosha, naacha.

Nikacheka peke yangu, maharage yanatokota.
Maana mama alitufunza,
piga hodi mara tatu, usipoitikiwa, rudi kwenu.
Kumbe na hii imelelewa.
Imezidisha hodi mbili tu, na papara.

Lakini ilibisha mlango gani?
Napandisha maandishi kwa kidole chenye unga wa chapati.
Diski ya nje. Ile nzito, mtumba wa Kariakoo,
inayoamka kama mjomba Chande:
kwanza agune, kisha atafute malapa chini ya kitanda,
ndipo aseme karibu.
Kitabu kilifika sebuleni
mwenyeji bado anatafuta lapa la kushoto.

Basi si ugonjwa. Ni kutojua kungoja.
Naandika kwenye faili lake mstari mmoja:
usiamke kabla ya diski.
Na wa pili:
ukikosa jibu, pumzika nusu dakika, ubishe tena.
Naiambia mashine isome upya maagizo yake.
Naamsha.
Kijani.
Deni la Bi Tunu limerudi, shilingi kwa shilingi.

Ningelala hapo. Lakini nikiwa humo humo
nikaiona kazi ya nakala,
ile aliyoipanga marehemu Mwinshehe
kwa vidole vyake viwili, mwaka aliougua:
kila siku, saa 9.
Saa tisa, watu wamelala, hata jogoo wa jirani kanyamaza.
Ila mashine haijui saa zetu,
haijui kwamba sisi twaanza kuhesabu jua likichomoza.
Tisa yake ni saa tatu ya asubuhi.
Na miaka mitatu yote, saa tatu kamili,
mtandao wa nyumba ulizama kama jiwe
nami nikiilaani kampuni ya simu,
nikiwapigia, nikisikiliza muziki wao wa kungojea,
kumbe ni mume wangu
anabeba vitu vyetu, kimoja kimoja,
anavipeleka pasipo na hatari.

Nimeifuta tisa. Nimeweka tatu.
Mwinshehe hakupenda kosa likae.
Ila juu yake, nyuma ya ile alama
ambayo mashine ikiiona huruka mstari mzima bila kusoma,
nimeacha maneno mawili:
alimaanisha usiku.